USONJI SI JINI: WATOENI WATOTO UANI



Sifa zote njema anastahiki Allah (s.w.), na rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (s.a.w.), jamaa zake na Maswahaba zake wote. Ama baad.

Ndugu wasomaji, wazazi na wanafunzi, safari hii sikuja na masuala ya twahara wala mirathi kama mlivyonizoea. Nimekuja kugombana. Nagombana na kamati yetu, nagombana na baadhi ya walimu wenzangu, na mtu wa kwanza ninayegombana naye ni mimi mwenyewe, kwa hiyo nianze na huyo.

Miaka kumi na moja iliyopita, mwezi wa Novemba, nilikuwa nasomesha Juzuu Amma watoto kama arobaini katika chumba chetu cha bati hapa Buyenzi, Bujumbura. Mvua ya Novemba mnaijua, haibishi hodi. Ikalipiga lile bati mpaka sauti yangu ikazama. Kulikuwa na mtoto wa miaka saba, hasemi ila maneno mawili matatu, ambaye mama yake alinisihi sana nimpokee. Mvua ilipoanza akaziba masikio, akapiga ukelele, akajigonga kichwa ukutani, kisha akachomoka mlangoni. Nikamfuata na bakora. Nikamkuta amesimama katikati ya uwanja, mvua inamchapa, mikono ameikunjua, macho ameyafumba, kimya kabisa. Ukelele umekwisha.

Nami nikafanya nini? Nikamshika mkono, nikamchapa mbili, nikamrudisha ndani chini ya lile bati. Akalia mpaka alasiri, akajikojolea, na wenzake wakamcheka. Jioni nikamwambia mama yake: huyu ana jini la maji, ndiyo maana anaikimbilia mvua, tafuta mtu wa kumsomea.

Nilisema hivyo nikiwa na kilemba kichwani. Yule mama aliniamini. Alitoa mtaji wake wote wa ndagala, akampeleka mtoto kwa msomaji mmoja nje ya mji, na mtoto akakaa huko siku arobaini amefungwa kamba mguuni. Alirudi amekonda, yale maneno mawili matatu aliyokuwa nayo yamepotea, na alama ya kamba iko kifundoni hadi leo. Sikumbeba mimi kumpeleka, lakini njia ni mimi niliyeionyesha.

Leo najua nilichokiona siku ile. Mtoto hakuwa anaikimbilia mvua kwa ajili ya jini. Alikuwa analikimbia bati. Ndani, kelele ya mvua juu ya mabati ilikuwa inamuumiza kama msumari sikioni. Nje, mvua ileile ikawa maji laini yanayomgusa mwili mzima kwa kipimo kimoja. Alijitafutia dawa yake mwenyewe, akaipata, nikamnyang'anya.

Usonji ni nini? Ni namna ubongo wa mtoto ulivyoumbwa na kukua, namna iliyo tofauti na ya wengi. Mtoto anapata taabu kusema, au anasema lakini hapati maana ya ishara na mazungumzo ya watu. Anapenda mambo yaende kwa utaratibu uleule. Anarudiarudia neno au mwendo. Na milango yake ya fahamu haipokei mambo kama ya kwetu. Daktari Leo Kanner wa Baltimore, Marekani, aliandika habari za watoto 11 wa namna hii mwaka 1943, lakini hakuna mwenye akili atakayesema watoto hawa walianza kuzaliwa mwaka huo. Shirika la Afya Duniani linakadiria kuwa mwaka 2021 mtu 1 kati ya 127 duniani alikuwa na usonji. Madrasa yenye watoto 250, hesabu wawili. Mkisema kwenu hamna hata mmoja, mimi nauliza: mmewafungia wapi?

Jambo la milango ya fahamu hata madaktari walichelewa kulipa uzito. Ni mwaka 2013 ndipo kitabu cha madaktari wa akili wa Marekani, kinachotumiwa na wengi duniani, kilipoliingiza rasmi katika dalili za usonji: kwamba mtoto anaweza kupokea sauti, mguso, harufu, mwanga, hata maumivu, kupita kiasi au chini ya kiasi. Akina mama walikuwa wanalijua zamani. Mmoja anavua kanzu mbele za watu kwa sababu mshono wa shingoni unamkwaruza, sisi tunasema hana haya. Mwingine hakanyagi mkeka wa plastiki. Mwingine anatapika kwa harufu ya ndagala zikianikwa. Na mwingine ni kinyume chake, anautafuta mguso kwa nguvu zote: anajirusha chini, anajibana kati ya kabati na ukuta, anazunguka kama pia wala haoni kizunguzungu.

Wapo wanaume wanaosema kosa ni la mama, alipita mahali magharibi bila kusema bismillahi. Msidhani huu ni ujinga wetu peke yetu. Marekani kule, Bruno Bettelheim aliandika kitabu mwaka 1967 kilichoeneza dhana kwamba usonji unaletwa na mama asiye na mapenzi, na akina mama wakateswa na maneno hayo miaka mingi, wakati Bernard Rimland, ambaye mwenyewe alikuwa na mtoto mwenye usonji, alikwisha ieleza mwaka 1964 kuwa chanzo kiko katika mwili na si katika malezi. Wao walikuwa na dhana yao ya mama baridi, sisi tuna yetu ya mama wa magharibi, na mzigo ni uleule juu ya mgongo uleule. Nimeona ndoa mbili zikivunjika katika mtaa huu kwa neno hilo. Na wanaosema ni chanjo, hao nao wafahamu kwamba lile andiko la mwaka 1998 la Andrew Wakefield juu ya watoto 12 lilifutwa na jarida lililolichapisha mwaka 2010, na yeye mwenyewe akafutwa katika orodha ya madaktari wa Uingereza mwaka huohuo. Wachanjeni watoto, surua haina masihara.

Sasa nitaulizwa: kwani wewe maalim huamini majini? Naamini. Yametajwa katika Qur'ani na sura nzima imepewa jina lao. Lakini kuamini kwamba wezi wapo hakukufanyi umkamate kila apitaye njiani. Mzazi anayemsomea mwanawe Al-Fatiha na Muawwidhatayni kwa sauti ya chini wakati wa kulala, amefanya Sunna na amefanya mapenzi, na mtoto wa usonji mara nyingi anaipenda ile sauti kwa sababu ni ileile kila usiku. Anayemkalia mtoto kifuani, akamkamua koo, akampulizia pilipili, akamfunga kamba, huyo anafuata Sunna ya nani? Na bei anayotoza ni Sunna ya nani?

Tujiangalie na sisi wenyewe. Ingia madrasa yoyote kuanzia hapa mpaka Uvira, uwatazame wanafunzi wakihifadhi. Wote wanayumba, mbele na nyuma, mbele na nyuma, wengine kwa saa nzima. Hakuna aliyewahi kuwaambia wana jini. Tunayumba kwa sababu mwendo ule unatulia akilini na kuishikilia akili mahali pamoja. Mtoto wa usonji anayumba kwa sababu hiyohiyo, tofauti ni kwamba hana msahafu mbele yake, basi tunamwita mgonjwa. Kuna watu wataligeuza jambo hili liwe mjadala wa kuyumba kama ni bidaa au si bidaa. Sina nafasi ya mjadala huo hapa.

Hoja ya pili ninayopambana nayo ni ile ya walimu wenzangu: mchezo ni upuuzi, na madrasa ni mahali pa elimu. Wenzangu, nanyi mmesoma kama nilivyosoma. Ni nani aliyeswalisha watu akiwa amembeba mjukuu wake Umama, akiinuka anaye, akisujudu anamweka chini? Ni nani aliyerefusha sijida mpaka Maswahaba wakadhani limetokea jambo, kumbe mjukuu amempanda mgongoni na hakutaka kumharakisha? Wahabeshi walicheza na mikuki yao siku ya Idi, wapi? Ndani ya msikiti wa Mtume (s.a.w.), na Sayyidna Umar alipotaka kuwazuia, Mtume akamwambia awaache. Abu Umayr, mtoto mdogo, alikuwa na kindege chake, na Mtume hakuona kazi kumuuliza habari za kindege hicho.

Na hadithi iliyonichoma mimi binafsi ni ya Anas (r.a.), imo katika Sahihi Muslim. Walikuwa na Mtume (s.a.w.), mvua ikanyesha, naye akafunua sehemu ya nguo yake ili mvua imguse mwilini. Walipomuuliza, akawaeleza kuwa mvua hiyo ndiyo kwanza inatoka kwa Mola wake. Nilikuwa nimeisoma hadithi hii na kuisomesha kabla ya ile siku ya Novemba. Nilimchapa mtoto kwa kusimama mahali ambapo Mtume wangu alisimama.

Basi tuje kwenye uwanja. Kuna fani moja ya tiba iliyoanzishwa na Bi Jean Ayres wa California, kitabu chake kilitoka mwaka 1972. Alifundisha kwamba pamoja na ile milango mitano tunayoitaja kuna mingine: misuli na viungo vinavyouarifu ubongo mwili uko wapi, na mizani iliyo ndani ya sikio inayotujulisha tumesimama au tumeinama. Mtoto ambaye habari hizo hazimfikii sawasawa anazitafuta kwa kuruka, kubeba, kusukuma, kujibana. Kutokana na hayo, huko ng'ambo wametengeneza vyumba vya bembea, mablanketi mazito, masanduku ya mchanga na mipira. Vizuri. Lakini wazazi wangu wa Buyenzi wanatumiwa picha za vyumba hivyo na jamaa zao walioko Ulaya, wanaona bei, wanakata tamaa. Nami nawaambia, mkate tamaa ya nini? Mnacho chumba hicho, tena Allah anakibadilisha pazia mara mbili kwa mwaka bila kuwatoza faranga.

Mvua zikianza, mwishoni mwa Septemba au Oktoba, mtoeni mtoto nje kabla bati halijaanza kunguruma. Mnaliona wingu linavyosimama juu ya milima upande wa mashariki, mnayo dakika kumi. Mwekeni barazani au chini ya ukingo wa paa, mahali anapoona mvua lakini anaweza kuikimbia. Mpeni ndoo ashike mchirizi. Ndoo ikijaa aimwage, ijae tena. Mtoto niliyemchapa aliweza kufanya kazi hiyo saa nzima, na usiku ule alilala, jambo ambalo mama yake alikuwa amelisahau. Mvua ikikatika kuna udongo. Acheni wafinyange. Asiyetaka kugusa udongo kwa mkono, mpeni kijiti. Wiki nyingine atatumia kidole. Msimlazimishe. Yule anayetia mkono wa mtoto kwenye tope kwa nguvu eti amzoeshe, hana tofauti na mimi na bakora yangu.

Akina bibi watasema mvua italeta malaria. Bibi zangu, malaria inaletwa na mbu anayeuma usiku, si tone la mvua begani. Neti ndiyo jawabu. Mkaushe mtoto, mvishe, mpe chai. Kitu cha kuogopa ni maji ya mtaro. Kipindupindu kinatutembelea katika mji huu, serikali ilitangaza mlipuko wake Januari 2023, kwa hiyo mtoto acheze na maji yatokayo juu, asicheze na yale yapitayo chini. Na mwenye tabia ya kula udongo apewe dawa za minyoo kwa wakati wake.

Kiangazi, kuanzia Juni mpaka Agosti, mambo yanageuka. Vumbi, upepo wa ziwani, majani makavu. Watoto wengine wa usonji wanateseka na upepo usoni kuliko jua, wafungeni kitambaa chepesi na muwatoe asubuhi. Majani ya mwembe yaliyokauka ni mali: yanapokanyagwa yanalia, na mtoto anaweza kujitawalia kilio hicho, akitaka anakanyaga, akichoka anaacha. Hapo ndipo siri ilipo. Kelele za gereji zetu hapa Buyenzi, nyundo juu ya vyuma toka asubuhi mpaka magharibi, hana mamlaka nazo. Kelele ya jani anayo.

Na ziko kazi za nyumbani ambazo mnamficha nazo mtoto huyu kana kwamba mnamhurumia. Kutwanga sombe kwenye kinu, mikono miwili, mabega yote yanafanya kazi. Kubeba bidoni ya lita tano iliyojaa. Kusukuma mkokoteni. Kufua kwa miguu ndani ya beseni. Kuchambua mchele kwenye ungo, ambao mtoto mwingine anaupenda kwa vile punje zinateleza vidoleni. Hivyo ndivyo vifaa mnavyoonyeshwa kwenye picha za Ulaya, isipokuwa vyenu mwishowe vinaliwa. Mtoto aliyetwanga sombe anakaa mezani na watu, na baba yake anasema leo sombe kaitwanga fulani. Chumba cha mipira hakimpi mtoto sentensi hiyo.

Hata udhu, ndugu zangu. Maji, viungo vilevile, mpangilio uleule, mara tatu tatu. Nina mtoto mmoja sasa ambaye hakubali kuguswa na mtu yeyote, lakini anatawadha mwenyewe mara kumi kwa siku kwa sababu anajua kinachofuata. Nilimkataza kupoteza maji, kwa kuwa israfu imekatazwa hata kwa mwenye udhu, nikampa kopo dogo lenye alama. Tukaelewana.

Ziwani je? Hapa nataka niwe mkali. Maji ya Tanganyika yanawavuta watoto hawa kuliko kitu chochote, na wao hawaogopi. Utafiti uliochapishwa Marekani mwaka 2012 ulionyesha kuwa karibu nusu ya watoto wenye usonji walijaribu kutoroka angalau mara moja baada ya kufika miaka minne, na kuzama majini ni miongoni mwa sababu kubwa za vifo vya watoto hao. Kwetu ongezeni viboko na mamba. Ziwa lilipojaa mwaka 2021, na tena mwaka 2024, mchanga tuliozoea kuuchezea uliliwa na maji, na ukingo si ule mlioukariri. Mtoto wa usonji na ziwa, mtu mzima mmoja kwa mtoto mmoja, amemshika mkono. Vinginevyo leteni mchanga nyumbani kwa gunia.

Nimesema majira mawili, lakini sisi Waislamu tunayo na majira ya mwezi, na hapo ndipo tunapowaonea watoto hawa bila kujua. Ramadhani inarudi nyuma siku kama 11 kila mwaka. Mwaka 2008 ilianza tarehe 1 Septemba, mwaka 2025 ilianza karibu na tarehe 1 Machi. Maana yake Ramadhani moja inakuta kiangazi na nyingine inakuta masika, na mtoto aliyezoea kula saa sita mchana na kulala saa mbili usiku anaamka siku moja anakuta nyumba imegeuka: mchana kimya, usiku sufuria zinagongana, baba haonekani, tarawehe kwenye kipaza sauti, daku saa tisa. Sisi tuna furaha, yeye dunia imemwangukia. Halafu anapiga kelele, tunashangaa, tunasema hata mashetani yamefungwa huyu lake limebaki wapi? Audhubillahi.

Muandaeni kuanzia Shaabani. Mwonyesheni mwezi. Mchoreeni siku ukutani azikate moja moja. Chakula chake cha mchana kibaki palepale na saa ileile, yeye ni mtoto, hakuna aliyemfaradhishia. Na wakati wa kuharakisha futari, ambapo mama ana mikono miwili na moto ni mmoja, baba amtoe uani. Naam, baba. Dakika ishirini za kusukuma mkokoteni kabla ya adhana. Idi nayo, kabla ya kumpeleka uwanjani kwenye watu elfu, mpelekeni jana yake uwanja ukiwa mtupu, akimbie, aunuse, aujue. Nguo mpya ifuliwe mara tatu ili ulegee ule ugumu.

Sikuahidini kupona. Kuna watu wanaahidi, wengine kwa kombe na mafuta, wengine kwa vidonge na maji ya ajabu ya kununua kwenye simu, na wote wanakula fedha ya mwenye huzuni. Hata hiyo tiba ya milango ya fahamu, mimi ninayeitetea, chama cha madaktari wa watoto wa Marekani kilisema mwaka 2012 kuwa ushahidi wake bado ni mchache, na kuwa inafaa itumike ndani ya mpango mpana pamoja na mengine. Nalikubali hilo. Mtoto bado anahitaji kufundishwa kuzungumza au kuonyesha picha, anahitaji shule, anahitaji daktari akiwa na kifafa. Ninachodai ni kidogo: mtoto aliyechoka mwili vizuri na ambaye masikio yake hayaumi, anakaa, analala, anakula, na mwalimu anapata nafasi ya kumfundisha. Nimeona kwa macho yangu si kwa mtoto mmoja. Wanaotaka ushahidi zaidi waje uwanjani alasiri.

Na wanaosema haya ni mambo ya Wazungu, wakumbuke kuwa pendekezo la kuifanya tarehe 2 Aprili kuwa siku ya usonji duniani lilipelekwa Umoja wa Mataifa na Qatar, mwaka 2007. Waislamu wametangulia huko, sisi bado tunashika kamba.

Sasa kamati. Uwanja wa madrasa yetu, mita kama ishirini kwa kumi na tano, wenye mwembe mmoja mkubwa, umepangiwa kujengwa maduka sita ya kukodisha, na kipande kitakachobaki kimwagwe saruji. Mwembe ukatwe. Sababu ni kipato, na sababu si ya uongo. Mimi mwenyewe nina miezi minne sijapokea posho yangu, na hayo maduka ndiyo yangenilipa. Kwa hiyo asije mtu akasema maalim hajui njaa.

Lakini uwanja ule ni wakfu. Mzee aliyeutoa, Allah amrehemu, aliutoa kwa watoto wa madrasa, na wapo hai waliosikia. Mafuqaha wamelifanya sharti la mwenye kuweka wakfu kuwa na uzito wa andiko la sheria, halitanguliwi kwa sababu kodi imepanda karibu na soko la Ruvumera. Kama mnataka maduka, upo ule upande wa barabara wenye banda bovu la mbao ambalo halina mtu, jengeni mawili hapo, nitabeba matofali pamoja nanyi. Uwanja uacheni.

Ndugu mmoja katika kamati aliniambia, na sitamtaja: tuwavunjie waumini mia tano utulivu kwa ajili ya watoto wanne? Wakati wa swala wanapiga kelele, wanagusa viatu vya watu. Nikamjibu kwa jambo ambalo yeye ndiye aliyenifundisha nikiwa kijana. Ibn Umm Maktum (r.a.) alikuwa kipofu, mtu mmoja, alikuja wakati Mtume (s.a.w.) ana wakubwa wa Kikureshi mbele yake, na alikuwa anawatarajia. Ikateremka Surat Abasa. Yule kipofu akaja kuwa muadhini pamoja na Bilal, na Mtume aliposafiri alikuwa akimwachia Madina. Basi mimi sijui katika hawa wanne ni yupi ambaye mbele ya Allah anatuzidi sote, na yule ndugu naye hajui.

Mtoto wa ile Novemba sasa ni kijana wa miaka kumi na minane. Maneno aliyonayo hayafiki ishirini. Kila siku, kiangazi na masika, anachota maji bidoni mbili, anafagia majani, anamwagilia mwembe, hata mvua ikiwa inanyesha anaumwagilia vilevile, na tumeacha kumkataza. Magharibi anasimama nasi safu ya mwisho karibu na mlango, kipaza sauti kikiwashwa anatoka, kikizimwa anarudi. Nilimwomba msamaha mama yake miaka mingi iliyopita. Aliniambia, "Maalim, mimi nilishasamehe, lakini yeye utamwombaje?" Sikuwa na jibu, nikamfungia bembea kwenye tawi.

Kamati inakutana Jumapili baada ya swala ya alasiri, palepale chini ya mwembe kwa sababu ofisi haina umeme. Wazazi wote wa madrasa wana haki ya kuhudhuria, na akina mama pia, msikubali kuambiwa hapana. Njooni na watoto wenu, wote. Kijana atakuwepo, ni saa yake ya kumwagilia, kwa hiyo msivae viatu vya ngozi.

Wassalaamu alaykum warahmatullahi wabarakaatuh.